Jina la Ekipe na Karatasi ya Wachezaji

Kila mashindano ya mpira yanapopangwa hapa Kinama, Muyinga, neno lilelile linarudi: eti ekipe za wakimbizi ziache kujiita Fizi, Uvira au Baraka. Nimelisikia Gitega pia, kwa sauti ya upole zaidi: "Muko wageni, mutafute majina ya hapa, ndiyo mutapendana na watu." Wanaolisema si watu wabaya. Wanaogopa ukabila, na nani kati yetu asiyejua ukabila ulitufanyia nini? Lakini hoja yao inasoma jina na kuishia hapo. Mimi naona jina peke yake halitoshi kuihukumu ekipe, na ushahidi upo kwa watu waliopita njia hii zamani: Waitalia waliohamia nchi za mbali.

Mwaka 1905, vijana wa mtaa wa bandari wa La Boca, mjini Buenos Aires, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Genoa, waliunda Boca Juniors. Jina walilitoa kwenye mtaa waliofikia. Mwenye kupenda majina ya hapa atapiga makofi. Ila hadi leo watu wa Boca wanaitwa Xeneizes, yaani watu wa Genoa. Kwao hakukuandikwa kwenye jina, kukabaki mdomoni mwa watu.

Wenzao wa São Paulo, kule Brazil, walisema wazi. Mwaka 1914 waliunda Palestra Itália. Ikafika 1942, Brazil ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani na Italia, na majina ya nchi za adui yakapigwa marufuku. Palestra ikawa Palmeiras. Tarehe 20 Septemba 1942, kwa jina jipya, wachezaji waliingia uwanjani wameshika bendera ya Brazil. Walikuwa wanaongoza 3 kwa 1 wakati wapinzani wao, São Paulo FC, walipoacha mchezo, na Palmeiras wakawa mabingwa wa jimbo. Siku hiyo husimuliwa kama siku ya ushujaa. Mimi naisoma kwa uchungu kidogo. Watu waliokwisha kaa pale miaka mingi, wenye watoto waliozaliwa palepale, walitakiwa kubeba bendera ili waaminiwe kwamba si maadui. Mkimbizi anaujua mtihani huo: hata ukifaulu leo, kesho unaweza kuulizwa tena.

Basi je, kila ekipe ya wahamiaji ionewe huruma tu? Hapana. Tutazame karibu na sisi, Addis Ababa. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ethiopia, mwaka 1944, yalikuwa na ekipe tano, kila moja na jamii yake: St. George ya Waethiopia, Fortitudo ya Waitalia, Ararat ya Waarmenia, Olympiacos ya Wagiriki, na ekipe ya wanajeshi Waingereza, ambayo ndiyo iliyochukua kombe.

Linganisha majina mawili hapo. Fortitudo ni neno la Kilatini, maana yake ushupavu. Halitaji Italia hata kidogo. Lakini Waitalia wengi wa mji ule walifika nyuma ya jeshi lililouteka mwaka 1936 na kuukalia hadi 1941. Ararat, kwa upande wake, ni mlima ambao Waarmenia wanauita wao, na leo uko ndani ya mipaka ya Uturuki. Miongoni mwa Waarmenia wa Addis Ababa walikuwemo yatima walionusurika mauaji yaliyoanza 1915. Jina lao lililia kwao waziwazi, na halikumnyang'anya mtu shamba wala nyumba. Ukisoma majina tu, utamwogopa yatima na kumwacha mtekaji apite. Hapo ndipo hoja ya "majina ya hapa" inapoanguka.

Tena wenyeji wenyewe hawaachi yao, na wana haki. Uwanja wa Gitega unaitwa Ingoma. Ni mji ambao jirani yake kuna kilima cha Gishora, penye ngoma za wafalme. Hakuna anayesema jina lile linamfukuza mgeni. Mbona basi jina la Fizi lionekane kama ukuta?

Lakini na sisi tusijifiche nyuma ya methali ya mwacha asili ni mtumwa. Cruzeiro ya Belo Horizonte, ambayo nayo ilizaliwa Palestra Itália mwaka 1921, mwanzoni ilikuwa ya Waitalia na watoto wao tu. Ilifungua mlango kwa wengine kabla serikali haijaigusa kwa sababu ya jina. Audax Italiano ya Santiago, Chile, iliyoanza 1910, ingali inaitwa vile, na Wachile wanaichezea bila shida. Hizo mbili zinatufundisha kuliko bendera ya Palmeiras, kwa sababu mlango waliufungua wenyewe.

Kwa hiyo lawama yangu iko pande mbili. Anayetutaka tufute majina anatuondolea kitu kidogo tulichovuka nacho mpaka, na ukabila hautibiki kwa kufuta maandishi kwenye jezi. Na sisi, tukiunda ekipe ya Uvira halafu kijana Mrundi wa Gasorwe anayejua mpira tukamwambia "hii si yako," tumempa mkosoaji wetu haki. Hata Mkongomani mwenzetu wa lugha nyingine tukimwacha nje, ni kosa lilelile.

Mashindano yajayo, waandaaji waache jezi jinsi zilivyo. Waombe karatasi ya wachezaji, wasome nani ameandikwa na nani amekataliwa.