Karatasi ya Vifaa: Utungo wa Kitenzi Kimoja

Kabla hita haijafika nyumbani, iwe Bunju au Chamazi, jijini Dar es Salaam, hutangulia karatasi. Fundi huchana ukurasa kwenye daftari la mtoto wa nyumba hiyo, huuegemeza ukutani na kuandika kwa peni ya kuazima. Karatasi hupigwa picha, hurushwa WhatsApp, husomwa kwenye kaunta ya duka Gerezani, kisha hufungiwa skrubu. Wahakiki wetu hawana habari nayo, ingawa ni maandishi ya Kiswahili yanayosomwa kwa makini kuliko riwaya nyingi, maana kila neno lina bei.

Tuchukue moja ya kubadilisha hita ya shawa, ile inayopasha maji papo hapo. Si ya fundi fulani. Mistari yake ni ile ile utakayoikuta Tegeta, Mbagala au Yombo:

Shawa hita 1 (iwe OG)
Waya 4mm mita 12
Swichi ya hita 45A 1
Breka 32A 1
Nipo ½ 2
Elbo ½ 1
Tredi tepu 2
Skrubu na plagi pakti 1
Mengineyo
Ufundi

Fani yake imebanwa mno. Karibu kila mstari una jina, kipimo na idadi, bila kiunganishi wala nukta. Usambamba huu haukuwekwa kwa ajili ya urembo: muuza duka anayehudumia watu sita kwa mpigo lazima ateremshe kidole toka juu hadi chini bila kukwama. Aliyezoea husoma humo hata hali ya bafu. Nipo mbili na elbo moja, basi bomba la ukutani liko karibu na pale shawa itakapokaa, na tailizi zitasalimika.

Kitenzi ni kimoja tu, "iwe", nacho ni cha kutamani. Yaliyobaki ni majina ya vitu. Kumbe kazi yenyewe ya kufunga hita ni vitenzi vitupu: kuzima umeme, kuvuta waya, kukaza, kujaza maji, kupima, kuwasha. Vyote vimesukumwa mpaka chini na kufungiwa ndani ya mstari mmoja, "Ufundi", usio na kipimo wala idadi. Si ajabu kwamba ndio mstari ambao watu hubishana juu yake. Elbo haina mjadala, ina bei ya Kariakoo.

Umbo hili limezaliwa na hofu ya cha juu. Mwenye nyumba anaamini kwamba fundi akipewa hela akanunue mwenyewe, kila kifaa kitaongezewa kidogo njiani. Kwa hiyo vifaa vinanunuliwa na mwenye nyumba, ufundi unalipwa kando. Ni busara ya mjini, na sina haja ya kuibeza. Lakini angalia imefanya nini kwenye maandishi. Karatasi anakabidhiwa mama mwenye nyumba, ila haizungumzi naye hata kidogo. Inazungumza na muuza duka. Mama ni tarishi, analipa nauli ya daladala kupeleka ujumbe usiomhusu. Fundi anageuka na kumtazama usoni pale tu kwenye "iwe OG", yaani iwe halisi. Maduka ya jiji hayakosi shawa za Lorenzetti, kampuni iliyoanzishwa São Paulo, Brazil, mwaka 1923, wala hayakosi zinazofanana nazo kwa mbali. Kumweleza mama jinsi ya kuitambua halisi kungehitaji sentensi kamili, na utungo huu hauna nafasi ya sentensi.

Mstari wa pili ndio mzito kuliko yote. Shawa nyingi za aina hii huandikwa wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 24 hivi. Waya wa taa za bafuni kwa kawaida ni wa 1.5, na fundi mvivu angeunga hapo hapo akaondoka na pesa yake, akauacha waya uchemke taratibu ndani ya plasta. "4mm mita 12" inatuambia kwamba waya mpya utatoka moja kwa moja kwenye meinswichi, upite darini, ushuke bafuni. Breka ya 32A inakubaliana nao: itabeba mzigo bila kukatika hovyo. Herufi chache hizi zinatosha kumpa alama nzuri mwandishi. (Hakuandika kwamba dakika kumi za kuoga ni karibu uniti moja ya LUKU. Hilo mama atalijua mwenyewe mwisho wa mwezi.)

Mpangilio nao una la kusema. Pale VETA Chang'ombe, Temeke, umeme na bomba ni masomo mawili, wanafunzi tofauti, na hita imekaa mpakani. Soma mstari wa pili utamjua aliyeandika. Akianza na nipo ni mtu wa bomba, na mara nyingi atamalizia kwa "waya" tu, bila unene. Huyu wetu ameanza na waya, swichi na breka. Vya bomba vimekuja nyuma kwa haraka. Karatasi moja, mafundi wawili ndani ya mkono mmoja, na kati yao pamebaki ufa.

Kilichodondokea kwenye ufa huo ni athi. Shawa inakuja na waya wake wa kijani, lakini karatasi haisemi utafungwa wapi. Labda nyumba ina nondo ya athi, imefukiwa nyuma tangu umeme ulipovutwa. Labda iling'olewa siku ya kuchimba msingi wa uzio. Kujua hilo lazima mtu atoke nje, achutame, afukue, apime, na kutazama hakuuzwi dukani. Udondoshi wa aina hii katika shairi tungeusifu kwamba unampa msomaji kazi. Hapa unampa kazi mtu aliyelowa maji, peku, mkono kwenye koki. Shawa za koili wazi hupitisha maji juu ya waya wenye umeme, na usalama wake unategemea sana athi. Maji ya DAWASA kutoka Mto Ruvu yana nafuu. Ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Ndipo koki inaanza kukutekenya. Zipo shawa za koili iliyofunikwa kwa ajili ya maji hayo, lakini mstari wa kwanza umetaja ubora wa shawa bila kutaja maji yatakayopita humo.

Kukarabati, kwa upande wake, hakuna karatasi. Fundi anafungua, anakuonyesha koili iliyokatika, anasema nipe hela kidogo nikachukue nyingine, na habari imeisha kwa mdomo. Hita ya tangi ndiyo inaonyesha tofauti hii vizuri. Kuiponya ni kumwaga maji, kufungua flanji, kusugua magamba ya chumvi kwenye elementi, kubadili fimbo ya magnesi iliyoliwa ili tangi lisiliwe, kurudisha mpira wa flanji. Kifaa cha kununua ni kimoja au viwili. Yaliyobaki ni jasho. Utafanyaje kuyaandika katika utungo unaojua majina tu? Angalia valvu ya usalama inayodondosha matone. Lita 50 zikitoka nyuzi 27 hadi 60 hutanuka kwa zaidi ya nusu lita, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Kulieleza hilo ni maongezi ya robo saa yasiyolipwa. Kuandika "Hita lita 50, 1" ni sekunde nne. Ndiyo maana naamini karatasi yenyewe inavuta upande wa kubadilisha: kifaa kipya kinaandikika, uponyaji hauandikiki.

Kuna kisa kinachojirudia sana huku pembezoni. Shawa imegoma, maji yanatoka ya baridi, karatasi inaandikwa, shawa mpya inafungwa, nayo inagoma. Ndani ya hizi shawa kuna kiwambo cha mpira ambacho msukumo wa maji hukisukuma ndipo umeme uungane. Nyumba nyingi zinategemea simtanki lililowekwa juu ya mnara, na kila mita moja ya kimo inatoa msukumo wa moja ya kumi tu ya baa. Tangi likiwa mita mbili juu ya kichwa cha muogaji, kiwambo kinaweza kisitikisike. Ugonjwa ulikuwa wa mnara. Kimo cha mnara hakina mstari kwenye karatasi, kwa sababu hakuna anayekiuza kwa kipande. Msomaji wa Njombe atauliza Dar wanahitaji maji ya moto ya nini, wakati simtanki lenyewe saa tisa mchana linatoa maji ya vuguvugu bure. Aulizwe mzazi mwenye kichanga cha siku nne, alfajiri ya Julai.

Kwenye miradi mikubwa utungo huu una ndugu yake aliyesoma, ile BOQ ya mkadiriaji majenzi. Kule vipengele vingi huanza na kitenzi, kutoa na kufunga, na majaribio huwekewa mstari wake na bei yake. Nyumba ya kawaida nayo huonja maandishi ya namna hiyo mara moja: inapoombewa umeme TANESCO, wakati fundi mwenye leseni ya EWURA anapoweka sahihi na muhuri wake kwenye fomu. Hita inakuja miaka mingi baadaye, nyuma ya mgongo wa fomu hiyo. Inakutana na ukurasa wa daftari.

Na ukurasa huo hauishii kwa mwandishi wa kwanza. Mara nyingine unarudi kutoka Kariakoo na wino wa pili: 4mm imekatwa, juu yake imeandikwa 2.5, kwa sababu ile imeisha na hii ipo. Muuza duka naye ni mhariri, na ana hakika hajaharibu kitu. Mstari umebaki na jina lile lile, idadi ile ile, mizani haikupotea. Saa kumi na moja jioni fundi amesimama bafuni na roli ya waya asioutaka. Akiurudisha, itakuwa nauli yake, foleni ya Barabara ya Kilwa, na siku ya pili ya kazi, na hakuna mstari unaomlipa kwa hayo, labda "Mengineyo".