Kazi ya Miguu

Fundi uashi akimaliza nyumba, watu huja kuitazama. Watagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, watainua macho kwenye paa, watauliza bei ya mlango. Seremala husifiwa kila mgeni anapokalia kiti. Mchimba bwawa hana bahati hiyo: siku anayomaliza ndiyo siku kazi yake inapofunikwa, na kinachobaki juu ni maji, ambayo hayakutoka mikononi mwake. Mgeni atasema, "Mna maji mazuri." Hatasema, "Mna tuta zuri." Mimi nataka kulisifu tuta.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya jiko la mama, katika milima ya Mbinga, pale mteremko unapoiacha mibuni na kushuka kuelekea kijitoni. Si kubwa. Lilichimbwa na watu wa nyumba moja pamoja na wale ambao nyumba hiyo huwahesabu kuwa wake: bibi, mama, mjomba, shemeji, dada zangu, na kundi la watoto ambao hadi leo sijui wote walikuwa wa nani. Hapakuwa na trekta wala mtaalamu wa kulipwa. Palikuwa na majembe, sururu, machepe, karai kadhaa na toroli moja ambalo gurudumu lake lilikuwa likilia njia nzima.

Wamatengo si wageni wa kubishana na maji mlimani. Kwa zaidi ya miaka 100 wamelima kwa ngoro: majani hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana hadi shamba ligawanyike miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupwa juu ya majani yale. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na mahindi au maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake na udongo wake, na mlima haupukutiki. Kwa desturi wanaume hupanga majani, wanawake huchimba. Kwa hiyo tulipofika kwenye bwawa, walioijua kazi kuliko wote walikuwa mama na dada zangu, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa shemeji, ambaye ni mtu wa Kilwa.

Kabla ya jembe la kwanza bibi alizunguka eneo lote akichota udongo kidogo hapa na pale, akiulowanisha na kuufinyanga kiganjani. Enzi zake alifinyanga vyungu, na mkono wake bado unajua. Alitengeneza donge, akalirusha juu na kulidaka. Likimeguka, tunasogea. Likirudi zima, anaamuru tuchimbe chini zaidi aone kama tabaka hilo linaendelea. Mahali pa kwanza alipopakataa ndipo mama alipokuwa amepachagua, karibu na mlango, ili awazuie wezi kwa macho. Bwawa hukaa unapotaka udongo, basi.

Ukafuata mtihani wa pili. Shimo la kimo cha kiuno hujazwa maji asubuhi. Jioni yatakuwa yamepungua, kwa kuwa udongo mkavu umekunywa kwanza. Hujazwa tena, hufunikwa kwa majani ya migomba, na asubuhi inayofuata ndipo hukumu hutolewa. Wapo siku hizi wanaotandika turubai la plastiki na kuyaruka yote haya. Penye mchanga ni sawa. Lakini penye mfinyanzi wa kutosha, kununua turubai ni kumlipa muuzaji kwa kitu ambacho tayari unakikanyaga.

Mteremko hudanganya jicho. Aliyezaliwa mlimani huona uwanja wake uko sawa, kumbe upande mmoja umeshuka hadi magotini. Mjomba, ambaye ni muashi, alileta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji bila kuacha kiputo hata kimoja. Watoto wawili walishika ncha zake kwenye vigingi vilivyopigwa mbalimbali, kona ya jiko ikiwa katikati yao. Maji yalipotulia, mjomba alitia alama, na kimo kikawa kimoja pande zote. Hili si la kufanyia mzaha. Tuta likiwa na sehemu moja iliyoshuka, maji yataipata usiku wa mvua kubwa, yatapita juu yake, na asubuhi utakuta mfereji. Sakafu nayo hupimwa, ila yenyewe hutakiwa iteremke: kina cha sentimita 70 hivi upande maji yanakoingilia, na mita moja na ushee upande yanakotokea, ili siku ya kuvua bwawa likauke lote.

Sasa tuta. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi ambao kila mkulima huupenda, hauingii ndani ya tuta hata karai moja. Mizizi ikioza huacha vijia, na maji yakishapata kijia hayaombi ruhusa tena. Kwa hiyo udongo huo hukwanguliwa na kurundikwa pembeni, uje kuvikwa juu ya tuta mwishoni ili ukoka ushike. Kisha, chini ya mahali tuta litakapokaa, huchimbwa mtaro hadi kuufikia mfinyanzi, na mtaro huo hujazwa mfinyanzi mtupu. Hapo ndipo tuta linapofungwa na ardhi. Bila mtaro, tuta limekaa juu ya ardhi kama kofia, na maji yatapita chini yake huku wewe ukisifu urefu wake.

Baada ya mtaro ni tabaka kwa tabaka. Udongo humwagwa kwa unene wa kiganja, hunyunyiziwa maji kiasi cha kushikana, hukanyagwa hadi kisigino kisiache alama. Ndipo tabaka lingine. Ukimwaga nusu mita kwa mkupuo mmoja na kupigapiga juu kwa chepe, umejenga gamba juu ya unga. Mjomba alichonga kishindilio cha gogo chenye mikono miwili, kikatumika kwenye kona, lakini sehemu kubwa ilikuwa kazi ya miguu, na mingi. Bibi aliwapanga watoto bega kwa bega, wakubwa kingoni na wadogo katikati, wakaenda na kurudi wakikita visigino. Aliyechoka alitoka, aliyetoka shule akaingia. Mama aliwafuata nyuma na kijiti chenye ncha, akikichomeka hapa na pale. Kilipozama kirahisi, waliitwa kurudi, na hapakuwa na rufaa.

Nimeona mabwawa ya kandarasi. Kibarua anayelipwa kwa ukubwa wa shimo ana kila sababu ya kuchimba haraka na hana sababu ya kukanyaga. Simlaumu, maana shimo hupimika kwa futi, kukanyaga hakupimiki. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi, kwa majimbo 140, kila bwawa mita za mraba 300. Uliwafungulia watu wengi mlango wa kufuga samaki, na hilo ni jambo la heshima. Mengi yaliachwa baadaye, kwa sababu nyingi, chakula cha samaki kikiwa mojawapo. Mimi huongeza yangu: hesabu ya mabwawa ni rahisi kutangazwa kuliko hesabu ya watu watakaorudi kuyatazama.

Shemeji naye alikuwa na lake. Kila alipotwishwa karai alitukumbusha kwamba kwao Kilwa, pale Husuni Kubwa, kasri la mwanzoni mwa karne ya 14, kuna bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya genge linalotazama bahari, na sisi huku tunagaagaa na tope. Ni kweli, lipo. Na Wamisri walitangulia: picha kutoka kaburi la Nebamun, iliyochorwa karibu mwaka 1350 KK na sasa iko British Museum, London, inaonyesha bwawa la bustani lenye perege na bata, miti ikilizunguka pande zote. Nebamun alikuwa karani wa kuhesabu nafaka. Kasri la Kilwa linatajwa kuwa la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Waliobeba tope hawakuandikwa popote. Kwetu mbeba tope ndiye mla samaki, kwa hiyo shemeji aliongezewa karai.

Mengine yalikwenda upesi. Bomba la kuingiza maji likawekwa juu ya usawa wa bwawa na kufungwa wavu ili samaki wa kijitoni wasijialike. Samadi ya ng'ombe ikatiwa, maji yakageuka kijani. Mkono ukizamishwa hadi kiwiko na vidole visionekane, chakula cha vifaranga kipo. Perege wakatiwa, wawili kwa kila mita ya mraba. Hawakui kwa kasi ya wale wa mabondeni, kwani maji yakishuka chini ya nyuzijoto 20 hamu yao ya kula hupungua, na Juni na Julai Mbinga haina huruma. Mdiria amekwishapajua. Fisi maji bado, ila mama ameanza kulaza mbwa upande ule.

Ugomvi uliobaki ni wa mpera. Shemeji anataka kuupanda juu ya tuta apate kivuli cha kukalia akivua. Mama, kwa heshima ya ukwe, hawezi kumwambia mwenyewe kwamba mizizi ya mti italitoboa tuta, basi amemtuma bibi, ambaye humwita "mume wangu" na humwambia lolote. Bibi amemwambia kwamba mume anayepanda mti juu ya tuta atalala nalo nje. Shemeji amekubali kushuka upande wa chini, kwenye unyevu wa bomba la kutolea maji. Kumbe pale dada amekwisha kupanda magimbi, naye hasogei.