Grafu ya Madondoo ya Mhubiri: Tathmini ya Kiteolojia

Utangulizi

Wahubiri wamekuwa na madondoo tangu zamani: daftari, kadi, vipande vya karatasi vilivyotiwa kati ya kurasa za Biblia. Tangu programu iitwayo Obsidian ilipotolewa mwaka 2020, pamoja na nyingine za jinsi yake, wamepata pia njia ya kuyaona madondoo hayo yote kwa pamoja katika picha moja, yaani grafu. Katika makala hii tunakusudia kuipima picha hiyo. Hatuulizi kama inapendeza, maana inapendeza sana. Tunauliza inamfunza nini mhubiri juu ya yale aliyoyaandika, na inamficha nini.

Utendaji wa grafu

Kila dondoo ni faili la maandishi ya kawaida katika kompyuta ya mwenyewe. Mwandishi akilitaja dondoo jingine ndani ya mabano ya mraba, mawili kila upande, kiungo kimekwisha kufanyika. Programu huchora kila dondoo kuwa nukta, na kila kiungo kuwa mstari. Nukta zilizoungwa huvutwa karibu, zisizoungwa husukumwa mbali, na ile yenye viungo vingi huchorwa kubwa kuliko wenzake. Mtumiaji akipeleka kishale juu ya nukta moja, majirani zake hung'aa na nyingine hufifia. Akiibofya, dondoo hufunguka asome. Aweza pia kutazama ujirani wa dondoo moja tu, hatua moja au mbili, au kuyapaka madondoo rangi kwa kufuata mada. Haya yote hufanyika bila intaneti, jambo ambalo mchungaji wa usharika wa mbali atalishukuru.

Wazee wa njia hii

Kuunganisha madondoo si jambo geni nyumbani mwetu. Mwaka 1521 Philipp Melanchthon alitoa kitabu chake cha Loci Communes, kilichotokana na mafundisho yake juu ya Waraka kwa Warumi. Humo alipanga mafundisho chini ya vichwa vya mada: dhambi, sheria, neema, na vinginevyo. Katika zama zake wanafunzi walifundishwa kuwa na daftari la vichwa kama hivyo, na kila walichokisoma wakakiandika mahali pake.

Katika karne ya 20, mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, alikusanya kadi zipatazo 90,000 katika masanduku ya mbao, na miongoni mwa vitabu alivyotunga kimo kimoja cha mwaka 1977 juu ya kazi ya dini katika jamii. Watetezi wa grafu hupenda kumtaja kuwa babu yao. Hapa hatuna budi kuwasahihisha kidogo. Luhmann hakuwa na picha ya sanduku zima. Kila kadi ilikuwa na namba: baada ya 57/12 ilifuata 57/13, na wazo la pembeni likapata 57/12a. Alipotaka kuunganisha kadi mbili, aliandika namba ya moja ndani ya nyingine, mahali pale pale katika maelezo ambapo wazo lilidai kiungo hicho. Kuifuata namba hiyo kulimlazimu kuifungua droo na kuisoma kadi. Sanduku lilimfaa kwa sababu lilisomwa. Grafu inaweza kutazamwa siku nzima pasipo kusomwa hata dondoo moja.

Upungufu wa mstari

Hapo ndipo tunapouona upungufu mkubwa wa grafu: mstari husema kwamba mambo mawili yameungana, lakini hausemi kwa nini. Tuchukue mfano. Mhubiri anayetayarisha mafundisho ya ubatizo anaunganisha habari za gharika katika Mwanzo 7 na 1 Petro 3. Kiungo hiki kina msingi, maana mtume mwenyewe anaitaja gharika na kueleza jinsi inavyouhusu ubatizo. Siku nyingine mhubiri yuyo huyo anaunganisha Mwanzo 7 na Yona 1, kwa kuwa mahali pote pawili pana maji mengi na chombo hatarini. Kiungo cha pili huenda kikazaa jambo, huenda kisizae, bado hakijathibitishwa. Lakini katika grafu mistari hiyo miwili ni ndugu pacha. Ufafanuzi wa mtume na mfanano wa picha vimepewa uzito mmoja.

Tofauti hiyo haimhusu mtaalamu peke yake. Tunafundisha kwamba Maandiko hujifasiri yenyewe, na kanuni hiyo haina maana kwamba kila fungu lafasiri kila fungu. Paulo alipowaunganisha Hajiri na Sara na maagano mawili katika Wagalatia 4, hakuishia kuwataja pamoja. Alijenga hoja, naye msomaji anaweza kuipima. Mhubiri atakayepanda mimbarani na mistari isiyo na hoja atawapa washarika mfululizo wa mafungu yanayofanana maneno, nao watarudi nyumbani bila kujua wameambiwa nini.

Ipo picha mashuhuri inayolidhihirisha jambo hili. Mwaka 2007 Christoph Römhild, mchungaji wa Kilutheri wa Hamburg, alishirikiana na mtaalamu wa kompyuta Chris Harrison kuchora marejeo 63,779 yaliyomo kati ya mafungu ya Biblia. Sura zote zimepangwa chini kwa mstari mmoja, na marejeo yamechorwa juu yake kama matao yenye rangi za upinde wa mvua. Zaburi ya 119 huonekana mara moja, kwa kuwa kipimo chake kimezidi vyote. Waandaaji wake walieleza wazi kwamba walilenga uzuri zaidi ya matumizi, nasi tunauheshimu unyofu huo. Picha ile yastahili kutundikwa ukutani, kwa kuwa yashuhudia umoja wa Maandiko. Haiwezi kutayarisha hubiri hata moja.

Faida ya kweli

Hata hivyo tusiitupe grafu. Yale isiyoweza kutuambia juu ya Maandiko, yaweza kutuambia juu yetu wenyewe. Mchungaji aliyeandika madondoo kwa miaka mitano akiifungua grafu yake ataona rundo kubwa limezizunguka Warumi na Wagalatia, na huko pembeni nukta moja ya Yakobo isiyoungwa na kitu. Hiyo si ramani ya Biblia. Ni ramani ya mazoea yake.

Katika Agano Jipya lake la mwaka 1522, Luther aliviweka Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo mwishoni, wala hakuvipa namba katika orodha kama vile vingine. Lakini hakuviondoa. Vilibaki ndani ya jalada, na kila kizazi cha Walutheri kimelazimika kujibu kwa nini vimo. Nukta iliyo peke yake pembeni mwa grafu yaweza kutuuliza swali hilo hilo, na mhubiri mwaminifu ataanza kazi ya juma kutoka kwenye nukta hiyo, si kutoka kwenye rundo.

Siri za uchungaji

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Madondoo ya mchungaji hayana mafungu ya Biblia peke yake. Yana watu pia. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, limelinda ondoleo la dhambi kwa mtu mmoja mmoja, na ondoleo hilo haliwezi kusimama pasipo siri. Sasa tufikiri: mchungaji ameandika jina la msharika, akaliunga na ulevi, na deni, na ndoa iliyovunjika. Daftari likifungwa, halisemi. Grafu huonyesha yote kwa mtazamo mmoja, na mzee wa usharika aliyesimama nyuma ya kiti ameelewa kabla hajasoma neno. Hapa mstari usio na maelezo una madhara zaidi, kwa kuwa atakayeuona atajaza maelezo yake mwenyewe, na msharika hatapewa nafasi ya kujitetea. Rai yetu ni kwamba yaliyosemwa katika ungamo yasiandikwe humo kabisa, hata kwa jina la kificho.

Hitimisho

Kwa jumla, tunaiona grafu kuwa mkaguzi mzuri na mwalimu dhaifu. Tunawashauri wanafunzi wetu wanaoitumia kwamba kila wanapounganisha madondoo mawili waandike, kando ya kiungo, sentensi moja kamili inayoanza na neno "kwa sababu". Kiungo kisichoweza kuandikiwa sentensi hiyo kingoje kwanza. Na ifikapo Jumamosi jioni grafu ifungwe, madondoo machache yaliyochaguliwa yasomwe taratibu, na fungu la siku lisomwe tena toka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti.