Jina la Chombo na Hesabu ya Majeshi: Uhakiki wa Istilahi za Mjadala wa Ulinzi

Lugha ya gwaride katika Kiswahili imekwisha kukomaa. Askari anayeambiwa "mguu sawa" au "mguu pande" hahitaji kamusi. Neno "mnadhimu", ambalo Jeshi la Wananchi wa Tanzania limelipa cheo kikubwa, ni miongoni mwa istilahi nzuri mno tulizo nazo; kwani kunadhimu ni kukipanga kitu kikae kwa taratibu yake, na mtunzi wa mashairi naye hunadhimu vilevile. Lakini iko lugha nyingine ya kijeshi isiyotamkwa uwanjani. Ni lugha ya mezani, ya watu wanaobishana juu ya jeshi la kesho: liwe na watu wangapi, lipewe zana zipi, chombo kipi kinunuliwe na kipi kiuzwe. Hiyo ndiyo inayomfikia mwananchi kwa gazeti na redio, na hiyo ndiyo iliyo dhaifu. Makala haya yana nia ya kuikagua.

Kwa kipimo tumechukua mjadala wa Uingereza. Sababu yake si kwamba nchi hiyo ni kielelezo cha kufuatwa, bali kwamba imekuwa ikibishana hadharani, na kuzichapisha nyaraka zake, tangu mwaka 1966 hadi Mapitio ya Ulinzi yaliyotolewa tarehe 2 Juni 2025. Aidha mjadala huo hutafsiriwa mara kwa mara kwa Kiswahili, tena kwa haraka, na haraka ndiyo inayoyaonyesha maneno yasiyo na mizizi.

Tuanze na kisa kinachoonyesha kuwa jina la chombo linaweza kuwa na thamani ya chombo chenyewe. Mwaka 1966 Serikali ya Uingereza, Denis Healey akiwa Waziri wa Ulinzi, iliufuta mpango wa kujenga manowari mpya kubwa ya kubebea ndege. Hoja yake ilikuwa kwamba ndege za Jeshi la Anga, zikiruka kutoka nchi kavu, zingetosha. Tangu siku hiyo "manowari ya kubebea ndege" likawa jina ambalo mwanamaji hawezi kulitaja mbele ya watu wa Hazina. Wanamaji walihitaji meli ya kuchukulia helikopta za kuwinda nyambizi. Wakaiomba kwa jina jingine: "kruza ya sitaha nzima", yaani kruza ambayo sitaha yake inanyooka pasipo kukatizwa kutoka tezi hadi omo. Mtu yeyote aliyepata kuona meli angejua kuwa sitaha ya namna hiyo ina kazi moja tu. Hata hivyo jina lilipita, fedha zikatoka, na mwaka 1980 meli ya kwanza ya aina hiyo, Invincible, ikaingia kazini ikiwa na ndege za Sea Harrier.

Mwaka uliofuata Waziri John Nott alitoa mapitio mapya yaliyokusudia kupunguza meli za juu ya maji. Invincible ikatakiwa iuzwe Australia, na mwezi Februari 1982 mapatano yakafikiwa. Meli ya doria Endurance, iliyokuwa ikizunguka kusini mwa Atlantiki, nayo ikapangiwa kuondolewa. Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina ikaviteka Visiwa vya Falkland. Siku tatu baadaye Invincible iling'oa nanga Portsmouth, pamoja na Hermes, na mauzo yale yakafa. Wakati huo hakukuwa na aliyeuliza tena kama ile ni kruza au la.

Sasa mtafsiri afanye nini akikutana na "kruza ya sitaha nzima"? Wako wanaosema kazi yake ni kusahihisha, na kwa hiyo aandike "manowari ya kubebea ndege" mara moja. Sikubaliani nao. Akifanya hivyo ameifuta hila iliyomo katika waraka, na hila hiyo ni sehemu ya habari. Wako pia wanaosema aandike jina alilolikuta asitie neno lake. Hao nao wanamwacha msomaji gizani. Lililo la haki ni kulishika jina rasmi kama lilivyo, kisha kueleza mara moja, kwa sentensi nyepesi, chombo hicho kinafanya nini. Japani inatupa mfano mwingine. Manowari zake kubwa za juu ya maji huitwa kwa Kijapani "meli za kusindikiza". Izumo, iliyoanza kazi mwaka 2015 ikiwa na sitaha nzima ya helikopta, ilipitishiwa mwaka 2018 uamuzi wa kubadilishwa ichukue ndege za F-35B, na bado ni ya kusindikiza. Mfasiri anayelitupa neno "kusindikiza" ameitupa Katiba ya Japani pamoja nalo.

Tukitoka hapo twende kwenye "manowari" lenyewe. Ni neno la Kiingereza lililosikiwa na masikio ya pwani, likaja pamoja na meli zenyewe, na Unguja ilizijua meli hizo vizuri tarehe 27 Agosti 1896 zilipolipiga mizinga Jumba la Sultani. Maana yake ni meli ya vita, ya aina yoyote. Kwa chombo kinachokwenda chini ya maji tunalo neno "nyambizi", lenye ukoo na mzamiaji, wala halina upungufu wowote. Lakini magazeti na redio nyingi zimezoea kuiita nyambizi "manowari", na kwa mazoea hayo msomaji hawezi kujua kama nchi fulani imeongeza vyombo vya kuonekana au vya kujificha. Hiyo si tofauti ndogo. Meli ya juu ya maji hutumwa ionekane bandarini, na nyambizi hutumwa isionekane popote.

Kosa hilo huzaa jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni "manowari ya nyuklia". Mwezi Septemba 2021 Australia, Uingereza na Marekani zilitangaza mapatano ya AUKUS, ambayo kwayo Australia itapata nyambizi zenye injini ya nyuklia. Silaha zake ni za kawaida. Australia imejifunga kwa Mkataba wa Kutosambaza Silaha za Nyuklia. Mapitio ya Uingereza ya 2025 nayo yalisema zitajengwa nyambizi za ukoo huohuo hadi 12. Lakini Uingereza inazo nyambizi nyingine 4, za aina ya Vanguard, zinazobeba makombora ya Trident yenye vichwa vya nyuklia, na badala yake zinajengwa 4 za aina ya Dreadnought. Zote hizi, za injini na za kichwa, zikipewa jina moja la "manowari za nyuklia", msomaji wa Mombasa au Mwanza ataamini kwamba Australia imenunua mabomu ya atomiki, na kwamba Uingereza inataka nyambizi 12 za kuangamiza miji. Atakuwa amedanganywa, na aliyemdanganya ni kihusishi "ya". Kihusishi hicho ni mtumishi mwema wa lugha yetu, lakini hakifai kubeba mzigo huu peke yake. Yafaa tuseme "nyambizi yenye injini ya nyuklia" na "nyambizi yenye silaha za nyuklia", na ikiwa chombo kina vyote viwili, basi tuvitaje vyote viwili. Watakaosema kuwa maneno hayo ni marefu wakumbuke kwamba gazeti lina nafasi ya kutosha kwa mambo madogo kuliko hili.

Neno "jeshi" linatupa taabu ya namna nyingine. Jina la Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikusudiwa tangu 1964 kukusanya wote, nalo ndani yake lina Kamandi ya Nchi Kavu, ya Anga na ya Wanamaji. Kwa Mtanzania, basi, "jeshi" ni lote. Uingereza ina desturi tofauti: neno lao la jeshi, likisemwa peke yake, ni la askari wa nchi kavu tu. Mwezi Machi 2021 ilipoamuliwa kuwa askari wa nchi kavu wapungue kutoka lengo la 82,000 hadi 72,500, tafsiri iliyosema "jeshi la Uingereza litakuwa na watu 72,500" iliwafuta wanamaji na wanaanga wote kwa kalamu moja. Tiba iko tayari: "Jeshi la Nchi Kavu". Na pale panapotajwa muundo wa yote kwa pamoja, "muundo wa majeshi" unatosha. "Muundo wa nguvu", ninaouona siku hizi katika maandishi ya watu wenye elimu kubwa, ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Katika kundi hilo la kanzu namtia pia "jukwaa". Wataalamu wa Kiingereza wamezoea kuiita ndege, meli au gari la vita jukwaa, kwa maana ya kitu ambacho silaha huwekwa juu yake. Watafsiri wetu wamelibeba neno hilo zimazima, hata tukaambiwa kuhusu "majukwaa ya baharini". Kwetu sisi jukwaani hupanda mwanasiasa, au mwimbaji wa taarabu. Neno letu ni "chombo". Baharia husema chombo na fundi husema chombo, na lina upana uleule unaotakiwa.

Ukishakuwa na "chombo" waweza kukitenga na "uwezo", na hapo ndipo ulipo moyo wa mabishano yenyewe. Mwaka 2010 Uingereza iliufuta mradi wa ndege 9 za Nimrod MRA4, za kulinda bahari na kusaka nyambizi, ingawa mabilioni ya pauni yalikwisha kutumika, na mwaka uliofuata ndege hizo zikakatwakatwa. Vilivyoharibiwa ni vyombo. Kilichopotea ni uwezo, yaani marubani, wasikilizaji wa vinasa sauti na desturi yao ya kazi. Ndege za badala yake, Poseidon, zilianza kufika Scotland Februari 2020. Chombo kinaweza kununuliwa kwa mkataba. Uwezo hupatikana kwa miaka. Mwandishi anayesema "zana" kwa yote mawili hawezi kueleza kwa nini wabunge waliumia vile.

Juu ya "kifaru" nitasema machache. Ni sitiari iliyokaa vizuri: mnyama mzito, ngozi nene, pembe mbele. Lakini si kila chenye bamba la chuma ni kifaru. Januari 2023 Ufaransa ilipoahidi kuipa Ukraine magari ya AMX-10 RC, yenye magurudumu 6, mzinga wa milimita 105 na ngozi nyembamba, yaliitwa vifaru sawasawa na Challenger 2 14 zilizoahidiwa na Uingereza mwezi huohuo. Hayo ni magari ya deraya ya upelelezi. Ajax ya Waingereza nayo ni ya upelelezi, ijapokuwa inakwenda kwa minyororo. Mkataba wake ulikuwa wa magari 589 kwa pauni bilioni 5.5, na majaribio yakasimamishwa kwa sababu ya kelele na mtikisiko uliowadhuru askari waliokuwa ndani. Kifaru kinachomdhuru mpanda wake ni habari moja, gari la upelelezi lisiloweza kunyamaza ni habari nyingine kabisa.

Kuhusu "droni" kuna mvutano. Redio husema "ndege isiyo na rubani", na Tanzania wako waandishi wapendao "ndege nyuki". La kwanza si kweli: rubani yupo, ila amekaa chini. Tena miongoni mwa vyombo vya namna hii vilivyoishambulia bandari ya Sevastopol Oktoba 2022 zilikuwamo boti, wala boti si ndege. La pili lina historia ya kufurahisha. Mwaka 1935 Waingereza walitengeneza ndege ya kulengewa shabaha, iliyoongozwa kwa redio, wakaiita Malkia wa Nyuki. Inasemekana jina la nyuki dume lilitokana na mzaha huo. Ila nyuki dume hana mwiba. Anayeuma ni nyuki mtenda kazi, naye akiuma hufa, kama vinavyokufa vyombo vingi vya leo vinavyotumwa mara moja tu. Kiswahili kilitia nyuki vitani zamani zaidi, kwani mzinga ni wa asali kabla haujawa wa baruti. Pamoja na hayo naona tukubali "droni", tuseme "droni ya anga" na "droni ya baharini", na "ndege nyuki" tuwaachie washairi.

Yamebaki maneno mawili magumu. Mapitio ya 2025 yalilitaka Jeshi la Nchi Kavu liongeze mara 10 sifa moja ambayo Kiingereza huitaja kwa neno la Kilatini, laini, lisilo na damu. Nimeona ikitafsiriwa "ufanisi". Hiyo ni tafsiri ya woga. Waraka unasema uwezo wa kuua. Kama wataalamu wanataka neno moja, "makali" linafaa, kwa kuwa kila mtu anajua makali ya panga ni ya nini.

La pili ni lile wazo ambalo kwa ajili yake nyambizi moja ya Uingereza imekuwa baharini bila kukatika tangu 1969: kumfanya adui asithubutu. "Kuzuia" halitoshi, kwani mlango nao huzuia. "Vitisho" lina lawama ndani yake, na mwenye silaha hatalikubali. Napendekeza "kinga ya hofu", kwa sababu linataja faida inayodaiwa na njia inayotumika, na msomaji huachwa apime mwenyewe. Najua halijakaa vizuri masikioni. Wanajeshi wastaafu na walimu wa siasa walio na neno bora walilete mbele ya Baraza kabla "uzuiaji" halijaota mizizi.