Picha ya chui ikitoka Rungwa, alama ipi hufika nayo?

Kamera mtego iliyofungwa mtini ndani ya Pori la Akiba Rungwa hupiga picha na kuitia alama palepale. Chini ya picha hutokea utepe mwembamba wenye tarehe, saa, jotoridi, na mara nyingine umbo la mwezi wa usiku huo. Ndani ya faili, pasipoonekana, huandikwa mengine: aina ya kamera, mpangilio wa mwanga, saa kamili. Mtu angedhani picha ya namna hiyo haiwezi kupoteza asili yake. Lakini ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo ya ndani ya faili hufutwa na picha yenyewe hubanwa upya. Utepe nao hukatwa kwa kidole. Chui anabaki, na kesho yuko kwenye ukurasa wa mtu anayedai alimpiga Serengeti.

Pori hili, lililo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), si geni kwa kamera za aina hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Paolo Strampelli na wenzake walizitega katika ukanda wa Ruaha na Rungwa ili kukadiria chui walivyo wengi. Katika kazi kama hiyo kituo huwekewa kamera mbili zinazotazamana, maana madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia, wala hayafanani na ya chui mwingine yeyote. Kwa hiyo mnyama hutambulika hata picha ikikatwa na kufifia. Ila madoa yanamtaja chui tu. Hayamtaji aliyeipiga picha wala aliyeivujisha.

Dawa inayokimbiliwa kwanza ni nembo kubwa katikati ya picha. Siipendi. Inamharibia picha msomaji mwaminifu na haimsumbui sana mwizi. Mwaka 2017 Tali Dekel na wenzake wa Google walionyesha kwamba nembo ileile ikirudiwa kwenye mamia ya picha, kompyuta huzilinganisha, ikaijua nembo ilivyo, kisha ikaifuta karibu bila kuacha kovu. Kadiri shirika linavyogonga nembo yake kwenye picha nyingi, ndivyo linavyompa mwizi mifano ya kujifunzia.

Njia nyingine ni kuificha alama ndani ya namba za picha zenyewe. Picha ya usiku mara nyingi ni ya weusi na weupe, na kila pikseli huwa namba kati ya 0 na 255. Tuseme pikseli moja begani mwa chui ina thamani ya 148, ambayo kwa biti huandikwa 10010100. Geuza biti ya mwisho iwe 1, unapata 149, na hakuna jicho litakaloona tofauti. Fanya hivyo kwenye pikseli elfu chache na umeshaandika jina la mradi pamoja na namba ya kamera. Wanafunzi wengi wa kompyuta huanzia hapa, na programu nyingi za bure huishia hapa. Tatizo ni kwamba mfumo wa JPEG hubana picha kwa kutupa tofauti ndogo ambazo jicho halizioni, na alama hii imejengwa juu ya tofauti hizohizo. Picha ikibanwa upya mara moja, jina la mradi limekwenda.

Waliotafuta jibu la tatizo hili ni Ingemar Cox, Joe Kilian, Tom Leighton na Talal Shamoon, katika makala yao ya mwaka 1997. Hoja yao ilisikika kama kichekesho mwanzoni: alama usiifiche pembezoni, iweke katika sehemu muhimu kabisa za picha, zile ambazo mwizi akizigusa anaiharibu mali aliyoiiba. Waliigeuza picha nzima kuwa orodha ya mawimbi, kutoka mabadiliko mapana ya mwanga hadi michirizi midogo midogo. Wakachagua mawimbi 1,000 yenye nguvu zaidi, wakiliacha lile la wastani wa mwanga wa picha nzima, na kila moja wakaliongeza au kulipunguza kidogo kwa kufuata orodha ya namba za bahati nasibu. Orodha hiyo ndiyo alama. Hakuna wimbi moja linaloibeba. Imesambaa kote kama chumvi kwenye mchuzi.

Kuisoma ni kulinganisha: toa picha halisi kutoka kwenye picha iliyokamatwa, kisha pima mabaki yanavyolingana na orodha yako. Katika majaribio yao alama ilisomeka hata picha ilipobanwa kwa JPEG kwa ubora wa asilimia 5, na hata ilipochapwa, ikatolewa kopi, ikaskaniwa tena. WhatsApp haina ukatili wa kiasi hicho.

Udhaifu upo. Mwaka 1998 Fabien Petitcolas, Ross Anderson na Markus Kuhn wa Cambridge waliielezea programu ya StirMark, ambayo huipinda na kuivuta picha kidogo sana. Mtazamaji haoni kitu, lakini msomaji wa alama hupoteza mahali pa kuanzia na alama nyingi za wakati ule zilishindwa. Kwa hifadhi ya picha za kamera mtego hilo lina nafuu, kwa kuwa picha halisi ipo kwenye memori kadi. Iliyopindwa inaweza kunyooshwa kwa kuilaza juu ya ile halisi, doa kwa doa, kabla ya kutafuta alama. Hapo chui anatusaidia bila kujua.

Picha ikiwa ya jangili badala ya chui, mahitaji yanageuka. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama itazame jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa. Huko inafaa alama dhaifu kwa makusudi, inayovunjika pikseli yoyote ikiguswa, na ile njia ya biti ya mwisho iliyotuangusha kwenye WhatsApp inapata kazi.

Kuyatia alama maandishi ni kazi ngumu zaidi, maana herufi haina kivuli cha kufichia kitu. Chukua ripoti yenye orodha ya mahali kamera zilipotegwa, waraka ambao jangili angeulipia. Katikati ya miaka ya 1990 Jack Brassil na wenzake wa AT&T walisogeza mistari ya maandishi juu au chini kwa sehemu 1 ya 300 ya inchi, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mstari mmoja husogezwa, jirani zake wawili hubaki kama kipimo. Ukurasa wa mistari 21 una mistari 10 ya kusogeza, hivyo unatosha nakala 1,024 tofauti. Uzuri wake ni kwamba hubaki hata ripoti ikitolewa kopi kwenye stesheneri pale Itigi. Herufi zisizoonekana zinazochomekwa kati ya maneno haziwezi hilo. Zinakufa karatasi inapotoka kwenye printa.

Lakini atakayeichapa ripoti upya huifuta mistari yote, na hapo alama ibebwe na maneno. Kiswahili kina ukaidi wake hapa. Ukibadilisha gari kuwa motokaa, basi "limekwama" lazima liwe "imekwama", na vivumishi vyote vifuate. Programu iliyotengenezwa kwa Kiingereza itaacha makosa kila mstari. Tumia maneno yasiyo na ngeli: lakini au ila, kwa sababu au kwa kuwa, pia au vilevile, kisha au halafu, hivyo au kwa hiyo, ingawa au japokuwa, labda au huenda, kama au iwapo, mpaka au hadi. Jozi tisa. Ripoti ikienda kwa wapokeaji saba, biti tatu zinatosha kumpa kila mmoja namba yake, kila biti ikirudiwa katika jozi tatu na wingi ukiamua. Mvujishaji akigeuza neno moja katika jozi tatu, namba yake bado inasomeka. Ili aifute biti moja tu, inabidi ageuze mawili, na hajui ni yapi.