Fadhila au Kitanzi? Ufadhili katika Tamthilia ya Kigogo

Wahenga walisema: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Methali hii humlaumu anayepokea. Katika Kigogo, Pauline Kea anatutaka tumchunguze anayetoa.

Tuanze na siasa. Kenga analeta keki ya uhuru karakanani. Keki ni ishara: wakubwa wamekula nchi, kisha raia wanakatiwa kipande na kutarajiwa washukuru. Pili, biashara. Soko la Chapakazi linafungwa, ilhali Asiya anapata kandarasi ya kuoka keki hiyo. Anayewafungia wengi riziki ndiye anayewafungulia wachache. Hapo ndipo fadhila hupata nguvu. Tatu, sanaa. Sudi anaahidiwa zawadi akichonga kinyago cha shujaa anayetakiwa na Majoka. Anakataa. Boza anakubali.

Watahiniwa wengi huishia hapo: Sudi ni mzalendo, Boza ni kibaraka. Jibu hilo ni sahihi ila halijakamilika. Kumbuka gharama. Nyumbani kwa Sudi hakuna chakula. Ashua, mkewe, anakwenda kumwomba Majoka msaada, naye anamtaka kimapenzi. Baadaye anatiwa ndani ili Sudi akubali kuchonga. Msimamo wa mume unalipiwa na mke. Mwandishi hakulificha jambo hili. Nawe usilifiche katika insha yako.

Je, ufadhili wote ni mbaya? La hasha. Uliza: mpokeaji anaweza kukataa asidhurike? Katika Sagamoyo hawezi. Basi hiyo si fadhila, ni kitanzi.