Jamvi la Usiku: Jinsi Matango Yalivyostawi Kwenye Baridi ya Shouguang

Sifa zote za kitalu nyumba hupewa nailoni, na kwangu hiyo si haki. Nailoni huingiza jua mchana, kweli, lakini jua likizama ndiyo inayoongoza kwa kupoteza joto, maana ni nyembamba na mionzi ya joto hupenya kirahisi kurudi angani.

Mwaka 1989, katika kijiji cha Sanyuanzhu, Shouguang, jimbo la Shandong nchini China, katibu wa Chama cha Kikomunisti kijijini, Wang Leyi, na wanachama wenzake walijenga vitalu 17 vya kulima matango majira ya baridi bila kuchoma makaa ya mawe. Usiku wa Januari huko maji huganda, ilhali tango hudumaa joto likishuka chini ya nyuzi 10.

Kitalu cha aina hii hutazama kusini, kwa sababu jua la Desemba huko hupita chini sana: hata adhuhuri halizidi nyuzi 30 hivi kutoka upeo wa macho. Upande wa kaskazini husimama ukuta wa udongo ulioshindiliwa, mnene kwelikweli, wa mita kadhaa kwenye kitako. Sehemu ya ndani ya ukuta hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Sehemu ya nje, iliyo kavu, huzuia baridi isipenye. Anayeiga kwa tofali na kubandika povu gumu la kuhami joto upande wa ndani ameharibu kazi, kwa kuwa jua haliufikii tena ukuta, na usiku ukuta hauna cha kutoa. Povu likae nje.

Chini ya nailoni, upande wa mbele, huchimbwa mtaro wa kina cha nusu mita hivi na kujazwa mabua makavu, ili baridi ya ardhi ya nje isitambae hadi kwenye mizizi. Hauonekani, hivyo ni rahisi kuusahau.

Kazi kubwa zaidi hufanywa na majamvi mazito ya mabua ya mpunga, yanayotandazwa juu ya nailoni usiku. Hewa iliyonaswa ndani ya mabua haitembei, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Jua likishapanda, mkulima huvuta kamba na kuyakunja juu. Alasiri, kabla joto la ndani halijaanza kuporomoka, huyateremsha. Akichelewa, hufunika kitalu kilichokwisha kupoa. Akiwahi mno, huinyima mimea mwanga. Siku hizi kazi ya kukunja hufanywa na mota.

Lakini theluji ikiyeyuka, jamvi hulowa. Maji huchukua nafasi ya hewa, kinga hupungua na uzito huongezeka. Basi wakulima wakatandika nailoni nyingine juu ya jamvi, kulinda mabua yabaki makavu.